Mama Docta anajibu: Plakete zimeshuka, majani ya papai yanazipandisha kweli?

Tangu tugusie plakete kwenye ukurasa huu, barua na mesaji hazijaacha kuingia, na karibu zote zinaulizia dawa ya majani. Basi leo nafasi yote ni ya hiyo. Kwa yule anayesikia neno hili mara ya kwanza: plakete ni vile vipande vidogo sana vya damu vinavyokimbilia kwenye kidonda kuziba damu isiendelee kutoka. Mtu mzima wa afya ana kati ya 150,000 na 450,000 kwenye mikrolita moja ya damu, na kwenye karatasi ya NFS, kipimo kile cha kuhesabu chembe za damu, ndiyo mstari ule watu wanarukaga.

*

Mama Docta jambo sana. Niko mama wa batoto bane, naishi Kadutu. Mutoto wangu wa miaka 7 alipata homa kali tukamufikisha hopitali, wakapima palu (malaria) ikatoka, na NFS ikaonesha plakete 62,000. Wakaanza kumuchoma artesunate. Mama mukwe wangu akasema hawa watakuchelewesha, akachuma majani ya mupapai wa nyuma ya nyumba, akatwanga, akakamua, akaanza kumunywesha kijiko asubui na jioni. Kisha siku saba tukarudia NFS: 205,000! Sasa parsele muzima wanakuja kuomba majani, mupapai umebaki fimbo tu. Nauliza, ni majani ao ni sindano? Na je niwape majirani? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

Mama yangu, pole kwa usiku ule wote na hongera mtoto amesimama. Swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri, maana ndilo swali lenyewe ambalo watafiti wanaliuliza, na jibu la kweli ni kwamba kwa mtoto mmoja aliyepewa vitu viwili siku zilezile hakuna mtu, hata profesa, anayeweza kukuambia ni kipi kilichofanya kazi. Na kuna cha tatu ambacho watu wanasahau kukihesabu, ni mwili wenyewe. Uboho wa mifupa unatengeneza plakete karibu bilioni 100 kila siku, na kila moja inaishi siku 8 mpaka 10 tu, kwa hiyo ni kazi isiyosimama. Palu inapoingia, bandama inavimba na kuzifungia plakete ndani, kinga ya mwili nayo inaziharibu nyingine, ndiyo unaona namba inaanguka. Wadudu wakiuawa na dawa, mlango unafunguka, na kwa juma moja hivi namba inapanda yenyewe bila jani lolote. Yaani mtoto wako, hata kama mupapai haungekuwepo nyuma ya nyumba, karibu hakika angefika hapohapo.

Sisemi majani ni bure. Mwaka 2013 watafiti wa Malaysia walichapisha utafiti wa wagonjwa 228 wa dengue, homa inayoletwa na mbu, nusu wakapewa kila siku maji ya gramu 50 za majani mabichi ya papai kwa siku tatu, nusu wakabaki na matunzo ya kawaida, na plakete za wale wa majani zilipanda haraka zaidi. Huko India mpaka vidonge vya majani ya papai vinauzwa famasi. Kwa hiyo mama mukwe hakuokota jambo barabarani. Ila angalia vizuri: ile ilikuwa dengue, si palu. Wagonjwa walijua nani anakunywa nani hanywi. Hata dengue yenyewe plakete zinapanda zenyewe homa ikishaisha. Na kubwa kuliko yote, namba kupanda kwenye karatasi si sawa na mtu kuacha kutoka damu, sisi tunatafuta mtu asitoke damu na asife, na hilo bado majani hayajalithibitisha.

Majirani usiwape. Naomba hili ulibebe hivyo nilivyolisema. Mtoto wa jirani mwenye plakete chini anaweza kuwa na palu, anaweza kuwa na kitu cha kinga ya mwili, anaweza kuwa na kansa ya damu, na juma moja la kusubiri majani yafanye kazi ni juma limepotea. Mama mwenye mimba asiyaguse kabisa. Na akitokea mtu ana homa halafu anatoka damu, hapa Kivu tuliiona Ebola 2018 mpaka 2020, huyo hata kumgusa na kumnywesha kijiko usijaribu, ita watu wa afya.

*

Mama Docta, miye niko Katuba, Lubumbashi. Minaenda labo ya kwanza banasema plakete 47,000, docta anashtuka anataka kunilaza. Minaenda labo ya pili siku ileile banasema 210,000. Katikati minakunywa tu gilasi moja ya mayi ya majani. Nani njo anasema kweli? Ao ni dawa inafanya mbio vile?

Ndugu yangu, hakuna jani duniani la kupandisha plakete 160,000 kwa saa chache, hata kuongezewa plakete kwa chupa hakufiki pale. Tatizo liko kwenye kale ka chupa.

Damu ya NFS inawekwa kwenye kachupa kenye kifuniko cha zambarau, ndani kuna dawa inaitwa EDTA ya kuzuia damu isigande. Anayetoa damu anatakiwa kukageuza polepole juu chini mara 8 mpaka 10 saa ileile. Akikaacha kamelala juu ya meza akaenda kumuita mgonjwa mwingine, damu inaanza kuganda kidogo, plakete zinashikana, mashini inapita inaona donge moja pale palipo na plakete mia, inaandika namba ndogo. Kuna jambo la pili: kwa watu wachache EDTA yenyewe inafanya plakete zao zishikane, hata ungetikisa namna gani, na mtu wa namna hiyo anaweza kutembea miaka na karatasi inayosema yuko hatarini wakati yuko mzima. Dawa yake ni rahisi. Unaomba wapake tone la damu kwenye kioo waangalie kwa mikroskopu kama kuna madonge, ao warudie kwa kachupa kenye kifuniko cha bluu, chenye sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Hii ndiyo kitu inaniuma nikisikia watu wanashuhudia kanisani na sokoni kwamba dawa fulani imepandisha plakete. Ushuhuda mwingine wa namna ile ni kachupa ambako hakakutikiswa mara ya kwanza na kametikiswa mara ya pili. Kabla hatujapima dawa, tuhakikishe kipimo.

*

Mama Docta, betrave na tomati ya kopo wanachanganya na Koka, inaongeza plakete ao hapana? (Goma, Birere)

Hapana. Wekundu wa kinywaji hauendi kuwa damu, na plakete siyo ile damu inayopungua kwa mwenye anemi, ni mambo mawili mbalimbali. Betrave kula, ni chakula kizuri. Sukari ya ile Koka sasa, punguza.

*

Jambo Mama Docta. Sisi huku Nguba tuko na muti wa kinkina. Baba yangu kila mwili unamuuma anachemsha maganda, anakunywa, ni uchungu kweli. Mara hii ya mwisho kisha siku chache akatoka vidoadoa vya zambarau miguuni, na fizi zinatoka damu akipiga musuwaki. Labo: 9,000. Muganga mumoja wa kienyeji anasema aongeze dosi ya kinkina juu ni damu chafu inatoka. Tufanye nini?

Mpeleke hopitali leo, usimalizie kusoma. Elfu tisa na fizi zinatoka damu si jambo la kusubiri Jumatatu. Asichomwe sindano ya msuli, asimeze aspirini wala ibuprofeni.

Sasa kwa wengine mnaosoma. Maganda ya kinkina ndani yake kuna kinini, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa mwaka 1820, na hapa kwetu Bukavu tunaijua vizuri, Pharmakina imetoa kinini kwenye maganda hayo miaka na miaka. Ni dawa iliyookoa watu wasiohesabika. Lakini kwa watu wachache kinga ya mwili inajifunza kuzishambulia plakete kila kinini inapoingia, plakete zinaanguka kwa ghafla mpaka chini ya 20,000. Na haijali kama kinini imetoka kwenye kidonge ao kwenye sufuria ya baba. Ukiacha kabisa, kwa kawaida zinarudi ndani ya juma moja hivi. Ukirudia hata kidogo baada ya miaka, zinaanguka tena. Kwa hiyo baba yako, ikithibitika, maisha yake yote kinkina na kinini ni hapana, na iandikwe kwenye fishi yake kila hopitali atakayofika, kwa sababu siku akilazwa na palu mtu anaweza kumuwekea kinini kwenye serum, ile dripu, bila kujua.

Aliyesema aongeze dosi, hapo ndipo mtu anauawa. Nawaheshimu waganga wetu, mtaona chini, ila mti unaoshusha plakete hauwezi kuzipandisha kwa kuzidishwa.

*

Mama Docta, niko Himbi, Goma. Nina miaka 34. Waliniambia nina purpura, mwili wangu wenyewe unakula plakete. Prednisone imeninenepesha uso mpaka watu wa kwaya hawanitambui. Nilipata mzee anatoa chupa ya majani yaliyochanganywa, ameficha siri yake, nikakunywa mwezi mmoja pamoja na prednisone nusu dosi bila kumwambia docta, plakete zikatoka 21,000 zikafika 96,000. Nataka niache prednisone nibaki na chupa tu. Nisaidie.

Dada yangu, najua uso ule, najua unavyokwepa picha. Nakuelewa na bado nakuomba usiache prednisone, ile dawa inayotuliza kinga ya mwili isile plakete, kwa ghafla. Mtu aliyeimeza zaidi ya majuma matatu hivi, tezi zake juu ya figo zimezoea kulala, ukikata mara moja unaweza kuanguka presha, kutapika, hata kufa. Inapunguzwa polepole, na docta ndiye anapanga hatua.

Kuhusu chupa, kuna jambo linanitia wasiwasi na nitalisema wazi. Sehemu nyingi za dunia, dawa za majani za chupa zilipopimwa labo zimekutwa zimetiwa deksametazoni ao prednisoloni kwa siri, yaani ndugu wa dawa ileile unayoikimbia. Na kwa purpura yako hiyo ingepandisha plakete kweli kabisa! Ungeshukuru majani kumbe ni kidonge kilichosagwa. Simshitaki mzee, simjui, ila jiulize: tangu chupa, njaa imeongezeka? Usingizi umepungua? Uso umezidi kujaa ingawa ulipunguza prednisone? Chukua chupa hiyohiyo mpelekee docta wako, ujue kabisa kwamba hatakupiga. Labo yenye kromatografia inaweza kutenganisha vilivyomo na kuona kama kuna kidonge ndani.

Na inawezekana pia hakuna kitu cha siri, ni purpura yenyewe inavyopanda na kushuka. Ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu, juma hili 20,000, mwezi ujao 80,000, bila sababu unayoiona. Kwa watoto wengi inaisha yenyewe ndani ya miezi sita. Kwa mkubwa inakaa, lakini akiwa juu ya 30,000 na hatoki damu, mara nyingi madocta wanaangalia tu bila kumpa kitu. Kwa hiyo muulize docta wako swali hili kwa mdomo wako: kwenye 96,000 bado nahitaji dosi hii? Inawezekana uso wako utarudi kwa njia hiyo bila chupa. Dawa nyingine zipo, eltrombopag ni mojawapo, ni kidonge, bei yake kwetu ni mlima lakini ulizia.

Ukipata kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, choo cheusi, damu kwenye mkojo ao hedhi isiyokata, nenda usiku huohuo.

*

Mama Docta, mimi muzee wa Walungu, natibu watu na miti toka ujana wangu, baba alinifundisha. Niko na muti mumoja mimi natoa kwa wenye damu inatoka puani na fiziani. Nasikia mnasema dawa zetu hazijapimwa. Nani alikuja kuzipima akafukuzwa? Mimi nataka ipimwe, lakini naogopa wataiba. Unaniongoza namna gani?

Mzee wangu, barua yako niliisoma na kuirudia. Una haki. Watu wa labo wengi wanasubiri waganga waje na kuinama, ao wanakuja wao, wanachukua gunia la maganda na hawarudi. Kuogopa kwako kuna msingi, basi tuanzie hapo.

Kabla ya kumwonesha mtu mti, muwe na karatasi: nani ametoa elimu, nani anapima, kikitoka kitu nani anapata nini. Kuna mapatano ya dunia ya mwaka 2010 yanaitwa Itifaki ya Nagoya, yanasema mali ya mimea na elimu ya wenyeji havichukuliwi bila ruhusa na bila kugawana faida, na Kongo yetu imo. Nenda na kijana anayejua kusoma Kifaransa vizuri. Mlango wa karibu na wewe ni Lwiro, kule Kabare, kituo cha utafiti wa sayansi ya asili kipo tangu wakati wa Wabelgiji, ao vyuo vikuu vya hapa Bukavu. Kule Lubumbashi nako kitivo cha famasi cha chuo kikuu kinachunguza miti ya dawa siku nyingi.

Kitu cha kwanza watakuomba ni tawi. Usikasirike, jina la Mashi, lugha yenu, halitoshi, kilima hiki wanaita hivi, kilima kile jina hilohilo ni mti mwingine. Huko Brussels mwanzo wa miaka ya 1990 wanawake walipewa dawa ya Kichina ya kupunguza mwili, mtu akakosea mmea mmoja akaweka mwingine wa jamii ya Aristolochia, zaidi ya 100 waliharibika figo, wengine wakapata kansa ya njia ya mkojo. Kosa la jina tu!

Cha pili watakuuliza unaitengeneza namna gani, mbichi ao kavu, maji moto ao baridi, na usifiche hapo maana mti mmoja una dawa mbili kulingana na sufuria. Mama Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel 2015, alihangaika na mmea wa artemisia ukawa unakataa mpaka aliposoma kitabu cha kale kinachosema iloweke kwenye maji na ikamuliwe, akaelewa moto ndio unaua dawa, akabadilisha njia, ikatoka artemisinini ambayo leo ndiyo mama wa ile artesunate ya mtoto wa Kadutu.

Halafu wanapima sumu, kwa panya kwanza. Panya wanashushwa plakete kwa dawa kali, nusu wanapewa mti wako, nusu maji, wanahesabu. Wanaangalia ini na figo. Panya wakipona bado hatujui kitu juu ya binadamu, tumejua tu kwamba inafaa kuendelea.

Kwa binadamu sasa, ndipo uvumilivu unahitajika. Tuseme wagonjwa 100 wa palu wenye plakete chini ya 100,000. Wote mia, nasema wote, wanapata dawa ya palu ya kawaida, hakuna anayenyimwa. Halafu kwa kura, siyo kwa kuchagua na macho, maana mtu mwema atawapa mti wale anaowahurumia, nusu wanapata sirop ya mti wako na nusu sirop nyingine chungu ya rangi ileile isiyo na kitu. Mgonjwa hajui, nesi hajui, wa labo hajui, na wewe mzee hujui. Kila asubuhi NFS. Mnakuwa mmeandika kabla ya kuanza kwamba tutaangalia siku ya tatu, msije mkatafuta siku iliyowapendeza baadaye. Mnahesabu nani ametoka damu, siyo namba tu. Kila mgonjwa amekubali kwa hiari yake, na komite ya maadili imepitisha. Mkimaliza ndipo inafunguliwa bahasha inayoonesha nani alipata sirop gani.

Kwa nini ukali wote huu? Kumbuka artemisia. Utafiti uliofanyika Maniema ulisema chai yake inashinda dawa ya kawaida ya palu, jarida la Phytomedicine likautoa 2019, watu wetu wakafurahi, nami nilifurahi, halafu 2020 jarida hilohilo likauondoa. Waliopoteza pale ni waganga na wakulima, kwa sababu sasa kila mti wa Kongo unaangaliwa kwa jicho la pembeni. Utafiti safi unakulinda wewe kuliko unavyomlinda docta.

Wakati unasubiri hayo yote, anza daftari. Mgonjwa kila mmoja: umri, damu inatoka wapi, dawa gani nyingine anameza, karatasi ya NFS kabla na baada kama anayo, na wale ambao hawakupona waandike kwa kalamu ileile, wale ndio watafiti watawatafuta kwanza. Mwenye homa ao mwenye plakete chini ya 30,000 mtume hopitali kabla ya kumpa kitu. Na tawi la kupeleka Lwiro likatwe likiwa na ua ao tunda lake, likaushwe katikati ya magazeti yaliyokandamizwa na mawe, uandike mahali ulipolikata na tarehe. Bila ua mtu wa mimea atashindwa kukupa jina. Barua ya kukutambulisha nitaiacha kwenye ofisi ya gazeti, mwambie kijana wako apite kuichukua.